Mkia wa Samaki

Bibi yangu hakuwa akimsimulia hadithi mtu asiyeitikia. Jioni, baada ya Magharibi, alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi ya kesho yake, sinia miguuni, na sisi wajukuu tumejazana kwenye jamvi ukumbini kwetu Pangani. Akisema "Paukwa!" tulitakiwa tuseme "Pakawa!" sote kwa pamoja, kwa sauti ya watu walio macho. Itikio likilegea, alirudi kwenye nazi yake. Alikuna kimya kimya, kifuu kimoja kikiisha akachukua kingine, na hapo hakuna kubembeleza.

Nilipokuwa mdogo niliona ni ukali tu. Sasa nina miaka mingi nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, nimesimama mbele ya watoto wengi waliochoka, na nimemwelewa. Bibi hakutaka heshima. Alitaka kujua kama kuna mtu upande wa pili wa kamba, kwa sababu hadithi haivutwi na mkono mmoja.

Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kima na papa. Kima alikaa juu ya mkuyu ulioinamia maji, akila kuyu na kumrushia papa aliyekuwa chini yake. Urafiki ukakua. Siku moja papa akamwambia, kila siku wewe ndiye unayenilisha, leo twende na wewe ukapaone kwetu. Kima akapanda mgongoni. Wakaenda, wakaenda, na walipofika katikati ya maji papa akatoa ya moyoni: sultani wetu mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima.

Hapo binamu yangu alikuwa ameanza kusinzia. Itikio lake likatoka kama la mtu mwenye ugali mdomoni. Bibi akainuka, akajifunga kanga upya, akasema, "Basi. Kima atawangoja hapo hapo."

Kima alingoja siku tatu. Kesho yake tulipata mgeni kutoka Tanga, keshokutwa kukawa na msiba kwa jirani. Siku zote hizo nilikwenda shule, nikachota maji, nikaosha vyombo, na kichwani mwangu yule mnyama yuko juu ya mgongo wa papa na pwani haionekani. Nilimtafutia njia. Nilimpitishia jahazi adandie kamba, kisha nikaona nahodha naye akimwona papa atageuza tanga. Nikamwekea mwamba, lakini juu ya mwamba atakula nini? Usiku wa nne Bibi akaita, na nadhani tulisikika mpaka sokoni.

"Kima akasema: Ah, rafiki yangu, mbona hukuniambia mapema? Sisi kima tukienda safari mioyo yetu tunaiacha mtini. Turudi tukauchukue."

Niliruka kutoka kwenye jamvi. Nilikuwa nimelitafuta jibu lile siku tatu bila kulipata, na lilipokuja lilinikuta nimeliandalia mahali pa kukaa. Kama Bibi angemaliza usiku ule wa kwanza, ningesikia jibu kabla swali halijaniuma. Mpaka leo nikisikiliza mtu anasimulia, jambo la kwanza linalonikera ni haraka ya kueleza. Anatupa jawabu mkononi, anatueleza na maana yake, halafu anashangaa mbona tumeshaanza kutazama simu.

Bibi alikuwa na tabia nyingine. Akifika kwenye ule mkuyu, alinyoosha mkono wenye nazi kuelekea mtoni na kusema, "Wenyewe ulikuwa kule Bweni, mkono wa kushoto ukishuka kwenye kivuko." Mara ya kwanza nilipovushwa ng'ambo nilitafuta kisiki chake kwa makini kabisa.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilikutana na hadithi ile ile maktaba. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza ambaye baadaye alikuwa askofu Zanzibar, aliziandika hadithi kama alivyosimuliwa na watu wa Unguja, akazichapisha London mwaka 1870. Kima yumo, papa yumo, mkuyu umo, na mioyo iliyoachwa mtini imo. Nilisoma nimesimama kati ya makabati, mgongo unanisisimka. Bibi alisoma Kurani. Kitabu cha Steere hakuwahi hata kukiona. Yeye alipewa na bibi yake, naye akapewa na mwingine, mdomo kwa sikio.

Baadaye nikajua imetoka mbali zaidi. India ilisimuliwa tangu kale, na mnyama wa majini kule ni mamba. Ikaingia Uajemi, na katika karne ya 8 mwandishi Ibn al-Muqaffa akaitia katika Kiarabu ndani ya kitabu cha Kalila wa Dimna, ambamo mnyama ni kobe. Ilipofika kwetu, msimulizi fulani wa pwani akamtoa huyo akamweka papa. Huyo msimulizi namheshimu sana. Alijua kwamba mvuvi na mke wa mvuvi hawahitaji kuelezwa papa ni nani. Wakisikia jina tu, maji yameshakuwa na kina. Na Bibi akaendeleza kazi yake, akauleta mkuyu mpaka Bweni.

Siwezi kupita hapa bila kuitaja redio. Kilikuwepo kipindi cha watoto, Mama na Mwana, cha Redio Tanzania, na sauti ya Deborah Mwenda ilituweka kimya nyumba nzima. Redio haisikii, tulilijua hilo. Lakini tuliiitikia vilevile, na Bibi, ambaye alikuwa na wivu kidogo na lile sanduku, alikuwa akiitikia pamoja nasi kutoka jikoni.

Nilichojua kuhusu hadithi, basi, nilikuwa nimekijua kwa masikio. Sikuwa bado nimejua kwa nini watu wanazihitaji. Hilo nililijua mama yangu alipofariki.

Ni mwaka wa sita sasa. Wanawake walijaa, mikeka ikatandikwa mpaka uani, chai ikachemshwa kwenye masufuria ya kukodi. Kila aliyeingia alinishika mkono akasema: alikuwa mtu mwema, hakuwa na makuu, Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Niliitikia amina, amina, amina. Maneno yalikuwa ya kweli na waliosema walikuwa na huruma ya kweli, lakini yalinipita. Yangeweza kusemwa kwenye mkeka wowote, juu ya marehemu yeyote. Nilikaa pale nikimtafuta Mama ndani yake nisimwone.

Siku ya tatu akaja mama mmoja anayekaanga samaki karibu na kivuko. Alikaa ubavuni mwangu, akanishika goti, akasema, "Mwanangu, mimi mama yako alinirudishia samaki hana mkia."

Wanawake wa karibu wakanyamaza.

Akasema ilikuwa jioni moja ya masika. Mama alinunua changu watano, wakafungwa kwenye gazeti, akaenda zake. Mvua ikashuka. Giza likaingia, muuza samaki akazima moto, akawa anafunika karai lake, mara anaona mtu anakuja mbio mbio kanga imemganda mwilini. Ni Mama. Mkononi ana sahani ya bati, juu yake amefunika sahani nyingine. Akafunua. Changu mmoja.

"Umenipa sita," akamwambia.

"Shoga, na mvua hii! Si ungemla tu?"

"Nilikuwa nimeshaanza. Nimekula mkia ndipo nikawahesabu. Mkia nitakulipa kesho."

"Na akaja," mama yule akasema. "Asubuhi, mimi sijawasha hata moto, amesimama pale na shilingi hamsini yake. Namwambia mkia hauuzwi, anasema yeye kala, hakuiba."

Tulicheka. Kwenye mkeka wa msiba, tulicheka mpaka shangazi yangu akajifunika uso kwa mtandio, na nilipomtazama vizuri nikaona analia. Na mimi nilikuwa nalia. Lakini hicho kilikuwa kilio cha mtu aliyemwona mama yake: miguu yenye tope, kanga iliyolowa, ule ubishi wake juu ya vitu vidogo ambao ulitutesa watoto wake na ambao nilikuwa tayari kuuzwa ili niusikie tena. Baada ya hapo kila mmoja akawa na lake. Mmoja akakumbuka Mama alivyomgombeza kondakta, mwingine akakumbuka sufuria aliyoazima miaka miwili na kuirudisha imesuguliwa ikang'aa kuliko ilivyotoka. Mpaka Adhuhuri tulikuwa tumemrudisha nyumbani.

Nimeifikiria sana siku ile. Yule mama wa samaki hakutamka neno "mwaminifu" hata mara moja. Angelisema, ningeitikia amina nikasahau. Alitupa mkia, sahani mbili za bati na shilingi hamsini, akatuachia sisi tuseme lile neno wenyewe kimoyomoyo. Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja wakati ule. Hana kumbukumbu yoyote ya bibi yake. Lakini hadi leo samaki akiletwa mezani mkia umekatika, husema, "Huyu wa Bibi." Anamjua. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya hadithi, na sijaona kitu kingine kinachoifanya.

Nilirudi darasani na mkia ule. Nikiandaa somo nilianza kujiuliza: hapa mkia uko wapi?

Kuna somo la mkonge ambalo nilikuwa nimelifundisha vibaya miaka yote. Nilikuwa naandika ubaoni: mkonge ni zao la biashara, uliletwa na Wajerumani, hutumika kutengenezea kamba na magunia. Watoto wananakili, vichwa vinaanguka mmoja mmoja. Na hapo tuko Pangani, mkonge wenyewe umetuzunguka!

Safari hii nikaja na mfuko wa mahindi. Nikawaambia wahesabu punje elfu moja. Nusu ya kipindi ikaishia hapo, makundi yanagombana, punje zinaanguka chini zinatafutwa. Zilipotimia nikawaambia: hii ni miche ya mkonge aliyoiagiza Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, mwaka 1893, kutoka Florida, Marekani. Ikapita Hamburg, ikapandishwa meli ya kuja huku. Sasa anzeni kutoa iliyokufa njiani. Wakatoa. Toeni. Wakatoa. Wakawa wananitazama kama ninayewaonea. Nilipowaambia waache, zilibaki punje 62. Zilienea kwenye kiganja cha mtoto mmoja, akazifumbata.

"Hizo ndizo zilizofika hai," nikasema. "Zikapandwa Kikogwe."

Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye sauti yake nilikuwa siijui vizuri, akauliza, "Mwalimu, Kikogwe hii hii ya kwetu?"

Hii hii. Na mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge, ikawa inaongoza duniani. Aliyefumbata punje alifungua kiganja akazitazama tena.

Yule mvulana akasema babu yake alikata mkonge. Wiki iliyofuata babu akaja, kofia mkononi, akakataa kiti. Nilitegemea atatueleza historia ya manamba, watu walioletwa kutoka bara kwa mikataba kufanya kazi kwenye mashamba. Hakutueleza. Alisimulia jani moja. Ukilikata, akasema, kwanza unaondoa mwiba wa nchani, maana ukiusahau utauona wakati wa kufunga mzigo, utaingia hapa. Akaonyesha paja. Kisha akasimulia kipande, ile kadi yenye siku thelathini. Siku unayomaliza ngwe yako inatiwa alama; siku usiyomaliza, hata kama umekata tangu alfajiri, haipo. "Siku thelathini," akasema, "lakini si za kalenda. Ni za kwao." Akatazama mkono wake kwa muda, akavaa kofia, akashukuru, akaondoka. Watoto hawakunakili kitu. Mwezi mmoja baadaye niliwauliza kipande ni nini, na darasa zima lilijua.

Lakini kufanikiwa nako kuna hatari yake, na lazima niliseme kosa langu. Nilinogewa. Kuna kisa kinachozunguka kwamba miche ile iliibwa Mexico na kusafirishwa imefichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Kinasimulika vizuri mno. Nikawasimulia watoto moja kwa moja baada ya zile punje, kwa sauti ile ile, kana kwamba vyote viwili vimetoka ghala moja. Waliruka kwenye madawati.

Mtihani wa muhula ulipofika nikauliza mkonge uliingiaje nchini. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika: ndani ya tumbo la mamba. Hindorf hayumo, mwaka 1893 haumo, hata zile punje 62 walizozihesabu kwa vidole vyao zimemezwa na mamba. Nilikaa na karatasi zile usiku, kalamu nyekundu mkononi, nisijue nimkosoe nani. Wao walikuwa wameandika nilichowafundisha.

Ndipo nikakumbuka namna Bibi alivyofungua mlango kila usiku. Baada ya paukwa alikuwa akisema, "Hadithi njoo! Uwongo njoo! Utamu kolea!" Na akimaliza: "Ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu niliyeisimulia." Miaka yote nilikuwa nikiyachukulia maneno hayo kama mapambo ya mwanzo na mwisho. Kumbe alikuwa akitutangazia tunaingia nchi gani, ili tuufurahie uwongo kwa hiari yetu, na akitoka alitia sahihi yake. Mimi nilikuwa nimewaingiza watoto wa watu uwongoni bila kuwagongea mlango.

Na siku hizi naona ni wengi tunaofanya hivyo. Ile sauti inayotumwa kwenye simu, ya mtu anayelia akieleza mtoto aliyepotea au dawa iliyoponya, inaanza katikati, haina jina, haina mahali, hakuna aliyesema uwongo njoo na hakuna atakayesema ni yangu peke yangu. Imetungwa kwa ufundi kabisa. Ina mkia na ina papa katikati ya bahari. Inachokosa ni mwenyewe, na mimi kisa kisicho na mwenyewe sikisambazi tena, hata kinitoe machozi.

Nilirudi darasani nikawaambia watoto: mamba ni wa hadithi, 62 ni ya historia, na kuchanganya kulikuwa kosa langu, si lenu. Nikawauliza kwa nini watu wakampenda huyo mamba kiasi hicho. Wakafikiri. Msichana mmoja akasema, "Kwa sababu mche hauna meno." Sijawahi kusoma maelezo ya fani ya hadithi yaliyonifaa kuliko hayo.

Sasa kila Ijumaa kipindi cha mwisho ni chao. Anayesimulia anasimama, anaita, wakiitikia kilegevu ana ruhusa ya kukaa. Juzi akasimama kijana mmoja wa Bweni, anayevuka na kivuko kila asubuhi kuja shule, mtoto mtaratibu. Akachagua kima na papa. Nilijua ninajua kila kitu ndani yake. Akasema kima alikuwa Bweni, amechelewa, kivuko cha mwisho kimeshaondoka. Papa akaja, akasema panda, mimi leo ndiye kivuko. Kima akapanda, akamuuliza:

"Nauli kiasi gani?"

"Usijali," papa akasema. "Utalipa tukifika."

Darasa lilipigwa na kimya, halafu ikatoka sauti moja ndefu, aaah, kutoka madawati yote. Walikuwa wamemwona papa kabla kima hajamwona. Neno hilo Bibi hakuwa nalo, na kwa Steere halimo. Nililiandika nyuma ya daftari la mahudhurio kabla kengele haijalia.

Usiku nikamsimulia binti yangu, nikamtajia na jina la kijana aliyenipa lile neno. Aliitikia vizuri mwanzo wote. Nilipofika kwenye nauli, nikanyamaza, nikainuka kwenda kufunika chakula. Alinifuata mpaka jikoni.